Kifaransa cha Kwenye Ngoro

Bwana Shamba alikuwa akifunga miguu ya suruali yake kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ndicho kitu cha kwanza watu walichomcheka alipofika kwetu, na nadhani ndicho cha mwisho watakachokisahau. Alisema anajikinga na siafu. Mimi nimeishi kwenye milima hii ya Mbinga maisha yangu yote, nimelima, nimezaa, nimezika, siafu wameniuma nisiweze kuhesabu, na sijawahi kufunga chochote. Nikamwambia hivyo.

"Mama Editha," akanijibu, "wewe wanakufahamu. Mimi ni mgeni."

Wakati huo alikuwa amekaa kwetu miaka ishirini.

Serikali ilimstaafisha zamani, lakini jina la kazi lilibaki mwilini mwake kama kovu. Wilaya imeleta maafisa ugani wengine, vijana wenye pikipiki na simu kubwa, na hao tunawaita kwa majina yao. Bwana Shamba alikuwa mmoja. Hata katekista akisoma matangazo kanisani alisema "tumwombee Bwana Shamba, anaumwa mgongo," na hakuna aliyegeuka kuuliza ni yupi.

Alizaliwa lini na wa ukoo gani, hayo wanayo wanawe. Mimi ninajua kwamba alitoka kwa Waha, jirani na mpaka wa Burundi, na kwamba utotoni mapadre walimvusha mpaka huo akasome kwao. Huko kila kitu kilikuwa Kifaransa. Hesabu Kifaransa, sala Kifaransa, viboko Kifaransa. Hilo hatukulijua kwa miaka mingi, maana hakuwahi kulitoa. Angelitoa kwa nani? Kahawa haisikii Kifaransa.

Alikuja kutufundisha kulima, na jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa makosa.

Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Kwa asiyejua, ni hivi. Mwezi wa tatu, mwanamume anafyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayapanga chini kwa miraba mlima mzima, kama dirisha lenye vioo vingi. Halafu mwanamke anakuja na jembe. Anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Pale katikati panabaki shimo, na maji ya mvua yanatulia humo. Juu ya tuta tunapanda maharage, mwaka unaofuata mahindi. Mlima unaweza kuwa umesimama kama ukuta, udongo hauendi popote.

Bwana Shamba, enzi hizo kijana, alikuja na kamba, vigingi na kitabu cha ofisi. Akasema ngoro inawachosha kina mama bure, tulime matuta marefu yaliyonyooka, ya kukata mlima. Nyumba kumi na moja za upande wetu zilikubali, ya marehemu mume wangu ikiwemo. Mtu wa serikali aliyekuja kwa miguu ni vigumu kumkatalia. Mvua za Desemba zikaja. Asubuhi moja tukaamka tukakuta mahindi machanga pamoja na udongo wake vimelala mtoni.

Mtu mwingine angeomba uhamisho. Yeye alipita nyumba zote kumi na moja, siku mbili, mvua inamnyeshea. Kila nyumba alisimama mlangoni akasema, "Nimekosea." Hakusema mvua ilizidi. Hakusema ofisi ndiyo iliyomtuma. Mume wangu alimsogezea kigoda, akamwuliza, "Sasa Bwana Shamba, ukisema hivyo kila mahali, kazini utabaki na nini?"

"Nitabaki na nyinyi, mkinikubali."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Yale mahindi nilikuwa nimeyapanda mimi.

Baada ya wiki moja akaja tena, safari hii na jembe, na hakumwita mume wangu. Aliniita mimi.

"Nifundishe kuchimba ngoro."

"Kuchimba ni kazi ya wanawake," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja kwa mwanamke."

Nikamfundisha. Alichimba vibaya msimu mzima, msimu wa pili akachimba kama sisi. Wanaume walimkalia vikao vya kejeli. "Bwana Shamba, ukimaliza kuchimba nenda kasonge ugali." Akawajibu, "Ugali nimeshasonga. Njooni mle." Na kweli, ukienda unaukuta umesongwa, mgumu, mzuri. Lakini mwenyewe aliula kwa kijiko. Ugali kwa kijiko. Nilimwambia mkewe kwamba nisingekaa na mwanamume wa namna hiyo, naye akasema, "Anaosha kijiko mwenyewe."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitufundisha kupogoa kahawa mpaka mikono yetu ikajua bila macho, na kahawa yake ilikuwa mbaya kuliko zote kijijini, imerefuka kama miti ya nguzo. Ukimwuliza anasema anaionea huruma. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakukosa Jumapili hata moja, lakini matangazo yakianza anatoka. Alisema Mungu ameshamaliza, yaliyobaki ni ya kamati.

Na aliogopa ziwa. Binti yake mkubwa aliolewa chini kule Mbamba Bay, na Bwana Shamba aliteremka kumsalimia kila mwaka baada ya mavuno, akarudi na usipa, dagaa wakavu wa kule ziwani, wa kutugawia. Lakini wanaomjua kule wanasema alikaa barazani ameyapa maji kisogo. Maji yote yale, alisema, na hakuna hata shimo moja la kuyashika.

Sasa nije kwenye Kifaransa, kwa sababu bila Kifaransa nisingekuwa na haja ya kuandika.

Ninaishi na mjukuu wangu Otilia. Mama yake ndiye Editha, mwanangu wa kwanza. Editha alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Tulipofika zahanati tulikuta kufuli, nesi alikuwa mmoja tu na alikuwa amekwenda msibani kwao, na Editha akafia njiani tukimkimbiza hospitali. Sikumlaumu yule nesi. Niliapa tu moyoni kwamba nyumba yangu itatoa nesi mwingine, ili wawe wawili.

Otilia hakuniuliza nimeapa nini. Alikwenda sekondari ya kata, na huko alikuta mwalimu wa Kifaransa, mwanamke aliyepangiwa kutoka mbali. Akakipenda. Walipofika kidato cha tatu mwalimu akahamishwa, wenzake wakaacha somo mmoja mmoja, yeye akabaki na daftari lake kuukuu akijisomea. Mtihani wa kidato cha nne akapata C ya Kifaransa, na C hiyo aliibeba kama kikombe cha mashindano.

"Bibi, kwenye fomu nimeomba kidato cha tano, kombi ya Kifaransa."

"Biolojia na kemia umefaulu?"

"Nimefaulu kidogo. D."

"D zinatosha kwenda uuguzi. Nimeuliza."

"Bibi, Kifaransa kinanitoka vizuri."

"Hata mate yanatoka vizuri," nikamwambia. "Mbinga hii hakuna mgonjwa anayeugua kwa Kifaransa."

Otilia hajibu, anakwenda kuosha vyombo. Hapo ndipo mtu mwingine angemaliza maneno na mjukuu wake. Mimi nilisikia kwamba matokeo yakishatoka serikali hufungua dirisha kwenye mtandao, mwanafunzi anaweza kubadili alichoomba mpaka mwisho wa Machi. Namba yake ya mtihani na neno la siri alikuwa ameyaandika nyuma ya daftari. Nikalichukua daftari akiwa kisimani, nikapanda gari hadi Mbinga mjini, kwa mama mmoja mwenye steshenari.

"Ni mwanao?" akaniuliza huku akibonyeza.

"Mjukuu."

"Amekubali?"

"Mimi ndiye ninayekubali."

Akabonyeza. Kifaransa kikatoka, uuguzi ukaingia, na mimi nikanunua chumvi nikarudi nyumbani.

Wiki hiyo hiyo, Otilia alikuwa uani kwangu anapepeta maharage na kujisemea Kifaransa chake, maana alidhani anajiandaa. Alikuwa na hofu. Shule za kidato cha tano, alisema, atakutana na watoto waliofundishwa miaka minne kamili, yeye alifundishwa miwili. Bwana Shamba alikuwa anapita njiani na fimbo yake. Akasimama kwenye ua. Akasema kitu kirefu ambacho si Kiswahili, wala Kimatengo, wala Kiha.

Otilia aliacha ungo ukaanguka. Kuku walikula maharage yangu na hakuna aliyewafukuza, hata mimi.

"Babu, shikamoo," akasema. "Umekitoa wapi?"

"Marahaba. Kilikuwa ndani, hakuna aliyebisha hodi."

"Babu, mimi nina mashimo mengi. Vitu vingi sikufundishwa."

"Mashimo ndiyo yanayoshika maji," akasema. "Uliza bibi yako."

Mkewe tulikuwa tumemzika miaka mitatu kabla, kwenye makaburi ya kanisa letu la kigango, na tangu hapo shamba lake la juu lilikuwa limelala, halina mchimbaji. Akatoa shauri lake palepale. Tufanye ngokela, yaani kazi ya kusaidiana kama tulivyozoea. Yeye atafyeka na kupanga majani, sisi wawili tuchimbe. Na ndani ya shamba lake, kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana, Otilia atasema Kifaransa tu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe Mama Editha umeruhusiwa kunyamaza."

"Kunyamaza sijawahi."

"Basi utajifunza na wewe."

Nilikubali. Nilijiambia haina madhara, acha mtoto achezee lugha yake tunapongoja majibu ya uuguzi.

Nimeona walimu, lakini namna ile sikuwahi kuiona. Hakuwa na kitabu hata kimoja. Alitangulia mbele akipanga majani, Otilia anafuata na jembe, na kabla ya kuanza shimo alimpa jambo la kueleza: mama anapika, basi limeharibika, watu wawili wanagombania mpaka. Otilia alipaswa kueleza huku akichimba, na shimo likiisha maneno yawe yameisha. Akikwama, mzee hakumwambia amekosea. Alisema "ankor," ndiyo kusema tena, na Otilia anaanza upya. Siku za kwanza tulisikia ankor kuliko ndege. Mimi nilikuwa mstari wa chini yao, na mzee aliniita "granmer," bibi, "granmer, taratibu, unatupita." Baada ya siku kumi nilikuwa naelewa majani, udongo, jembe, jua, na tena. Sikumwambia mtu.

Kuandika alimfundisha kwa barua. Kila Jumamosi Otilia alipaswa kumwandikia barua kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, naye anaijibu nyuma ya fomu za zamani za mbegu. Nyumba zetu zimeachana hatua kama mia mbili. Lakini alikataa Otilia alete mwenyewe. "Barua anayoileta mwandishi si barua," alisema. Kwa hiyo posta nilikuwa mimi. Ninapeleka, ninarudisha, karatasi imekunjwa, hata ingefunguliwa nisingeelewa. Nilisoma darasa la nne. Misale, kitabu cha misa, ninaisoma, Kifaransa kilikuwa kama nyayo za kuku.

Na kila nilipobeba barua ile, iliongezeka uzito. Nilikuwa ninamwona mtoto anavyobadilika. Anaamka kabla yangu. Anachimba na kusema, anasema na kucheka, mzee anamwuliza na yeye anambishia, kwa lugha ambayo sijui alichobishia. Mtoto ambaye kwangu hajibu. Shamba lile likawa na ngoro nzuri, zimejipanga mlima mzima, na kila moja ilikuwa na maneno yake ndani, na mimi peke yangu nilijua kwamba yote yale yanakwenda bure.

Siku moja Otilia alikwenda kuchota maji. Nikaegemea jembe.

"Bwana Shamba, uache kumfundisha."

"Kwa nini?"

"Nilikwenda mjini. Nilibadilisha. Ameandikwa uuguzi, hajui."

Alikuwa ameshika majani mkononi. Aliyapanga kwanza, akanyoosha mraba, ndipo akaniangalia. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa na majibu tayari, jibu la Editha, jibu la kufuli.

"Dirisha linafungwa lini?" akauliza.

"Kesho kutwa."

Akauweka mundu chini. Otilia aliporudi na ndoo, akamwambia kwa Kifaransa tunakwenda mjini mara moja, amalizie mstari. Tukaenda vile vile, yeye na matope yake na tyubu miguuni, mimi na kanga ya shamba. Mama wa steshenari alipotuona akavua miwani.

"Bibi, leo tunakubali kipi?"

"Rudisha kilichokuwepo," nikasema.

Akarudisha. Tulipotoka nje, Bwana Shamba alisimama kando ya barabara, akakung'uta matope.

"Nesi ni kazi nzuri," akasema. "Editha alikuwa mtoto mzuri, aliwahi kuniletea maji ya kunywa shambani bila kutumwa. Lakini hukumwuliza huyu."

"Sikumwuliza."

"Kumwambia ni kazi yako. Yangu nimemaliza."

Na kweli aliimaliza, hakuigusa tena. Hakunikumbusha, hakunitazama kwa jicho la pembeni. Majibu yalipotoka, Otilia alikuwa amepangiwa kidato cha tano, kombi ya Kifaransa, shule ya bweni ya mbali, siku mbili kwa basi. Aliporudi mjini na fomu ya shule, alipiga magoti sebuleni kwangu akanishukuru. Mimi. Ningeweza kusema pale. Chai ilikuwa mezani, mlango umefungwa, hakuna mgeni. Nikamwambia, "Kunywa chai, inapoa."

Akaondoka Julai. Nilimfungia maharage ya lile shamba kwenye mfuko. Bwana Shamba alimpa fomu zake zote za mbegu zilizobaki, tupu upande mmoja, awe anaandikia.

Mwaka huo ndio macho yalipomzimika. Presha ya macho, walisema hospitali, na ilikuwa imechelewa kugunduliwa kwa sababu aliizoea, alitembea kijiji kizima kwa fimbo na hakuna aliyejua kwamba haoni. Nilikuja kugundua mimi, nilipomkuta anapogoa kahawa yake kwa kupapasa. Kwa mara ya kwanza kahawa ile ilikuwa imepogolewa vizuri, maana alikuwa haioni ili aionee huruma. Binti yake akaja kumchukua akakae naye kule chini. Alikataa wiki mbili, kisha akakubali, akaomba tu kiti chake kisielekezwe majini.

Otilia hakujua. Bwana Shamba alinikataza nisimwambie kwenye simu, akisema mtoto ana mitihani. Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu, mjumbe wa kigango aliponiletea bahasha kutoka shuleni, ndani yake kulikuwa na karatasi mbili. Moja yangu, kwa Kiswahili, mistari mitano, mzima, anasoma, anashukuru. Nyingine ilikunjwa mara nne, nje ameandika: Bibi, mpelekee Babu Bwana Shamba. Nikatambua ile karatasi. Ni fomu ya mbegu.

Mimi ni posta. Nikavaa, nikashuka. Siku hizi barabara ni lami mpaka ziwani, kona zile zinazotisha unazimaliza kabla hujamaliza rozari.

Nilimkuta barazani, kiti kimeelekea mlimani tulikotoka, maji yanapiga nyuma yake. Alikuwa amekonda. Suruali ilikuwa imefungwa tyubu miguuni, ingawa mchangani kule hakuna siafu.

"Hodi, Bwana Shamba."

"Granmer," akasema, kabla sijasema jina.

Tulisalimiana sana. Nikampa habari za kijiji, nani amekufa, nani ameoa, mtu aliyeng'oa kahawa akapanda parachichi. Kisha nikampa barua. Akaipapasa, akaifungua, akapitisha kidole kwenye maandishi. Akanirudishia.

"Soma."

"Kifaransa hiki."

"Herufi unazijua?"

"Ninazijua."

"Basi wewe soma herufi. Maneno nitayatafuta mwenyewe."

Nikavaa miwani yangu. Nikasoma kama ninavyosoma misale, kila herufi kama ilivyo, bila kuruka. Mstari wa kwanza mabega yake yalianza kutikisika. Mstari wa pili alikuwa anacheka hadharani, mkono juu ya kifua, machozi yanamtoka kwenye macho yale.

"Nisiendelee?"

"Endelea, endelea. Sijawahi kusikia Kifaransa kinalimwa na jembe."

Nikaendelea. Nikisoma kipande, yeye anakirudia polepole kwa namna inavyotakiwa, kisha anaitikia kwa kichwa, amekipata. Ukurasa ulikuwa umejaa. Katikati nikasoma neno moja refu lililokatwa na kistari, yeye akalirudia, na sauti yake ikashuka.

"Granmer."

Nikainua macho. "Hapo ananitaja mimi."

"Endelea."

Nikasoma mistari iliyofuata. Hakurudia tena. Akaniomba niisome upya, nikaisoma.

"Anasemaje?"

"Anasema maharage ya shule yana wadudu."

"Mimi na wadudu, mstari mmoja?"

Akaitafuta fimbo yake.

"Bwana Shamba," nikasema, "wewe ulipita nyumba kumi na moja kwenye mvua. Usije ukanidanganya mimi leo."

Akakunja mikono juu ya fimbo. Akaniambia yote, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, nilijua kwa jinsi alivyotua kila baada ya sentensi akiikumbuka.

"Anasema alijua tangu siku aliyokwenda mjini kuchapa fomu ya kujiunga na shule. Yule mama wa steshenari alimwambia, bibi yako huyu, kila wiki anakubali kitu kingine. Anasema hakukuuliza, alitaka uje mwenyewe. Mlipokuwa mnakunywa chai alikuwa anakuangalia, anangoja. Alingoja mpaka akapanda basi. Sasa ananiuliza mimi, kama mwalimu wake, afanye nini ili akuambie kwamba hana hasira na wewe, lakini asikuaibishe."

Binti yake alitoka na sinia, ugali na usipa wa kukaanga. Akatuangalia, akaweka, akaingia ndani. Maji yalikuwa yanapiga. Niliangalia usipa. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule mwaka mzima nikidhani nimebeba peke yangu, kumbe mtoto alikuwa ameshika upande wa pili.

"Mlango wa Otilia uko siku mbili kwa basi," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwenye simu siwezi."

"Kalamu unayo?"

Binti yake akaleta kalamu. Nikaigeuza ile fomu, pembeni palikuwa na nafasi ya vidole viwili.

"Kwa Kiswahili nitaandika mwenyewe," nikamwambia.

"Kwa Kiswahili umeshindwa mwaka mzima," akasema. "Jaribu huku."

Akanitajia herufi moja moja, na mimi nikaziandika, kubwa kubwa kama za mtoto, zikipanda kuelekea juu kwa sababu nilikuwa naandikia goti. Zilikuwa herufi tisa na kialama kimoja kama jino la panya. Nikauliza ni nini. Akasema ndilo neno lile alilolisema milangoni kwetu, zamani, mvua ikinyesha.

"Soma," akasema.

Nikasoma herufi kama zilivyo. Hakucheka safari hii. Akalisema yeye, nikamfuata.

"Ankor."

Nikasoma.

"Ankor, granmer. Taratibu."

Ugali ulikuwa unapoa katikati yetu, na kijiko chake kilikuwa pale pembeni, kimeoshwa. Nikashika karatasi kwa mikono miwili, nikasema tena.